Mama Bado na Faili la Kasuku

Hospitalini kwetu kila mfanyakazi ana jina la kwenye kitambulisho na jina analoitwa. Mwanamke ninayetaka kusimulia habari zake anaitwa Mama Bado. Hana mtoto mwenye jina hilo. Ana mabinti wawili waliokwisha kuolewa, wenye majina mazuri tu, na mume ambaye ni fundi bomba. Jina la Mama Bado alipewa na ndugu za wagonjwa, kwa sababu ndilo neno wanalolisikia kwake kuliko lolote. Mtu anachungulia mlangoni na kuuliza, "Limefika?" Naye, bila kugeuka, anajibu, "Bado."

Kinachosubiriwa ni faili. Kazi yake ni kupima umeme wa ubongo. Anamlaza mgonjwa, anazigawa nywele zake kwa kitana chenye mkia, anampaka gundi nyeupe nzito kama uji uliolala, kisha anambandika nyaya nyembamba kichwani, moja moja, kila moja na rangi yake, mpaka mgonjwa anafanana na redio iliyofunguliwa ikaachwa mezani kwa fundi. Juu ya kabati kuna kamera inayomtazama mgonjwa wakati huohuo, ili anayesoma mistari ya ubongo aone pia mwili ulikuwa unafanya nini. Mistari yenyewe ni myepesi. Video ndiyo yenye uzito. Kipimo cha usiku kucha kikimalizika, faili linakuwa zito kiasi kwamba kompyuta inahema kulifungua.

Hapa kwetu hakuna anayejua kuisoma mistari hiyo. Bingwa yuko mji mwingine, katika hospitali kubwa, safari ya siku nzima kwa gari. Faili hupandishwa kwenye mtandao, likatua kwenye kompyuta ya hospitali yake, akalisoma, kisha akampigia daktari wetu. Kwa ajili ya siri za wagonjwa, hospitali ile haipokei faili kutoka simu ya mtu. Inapokea kutoka laini yetu ya ofisi tu. Laini yenyewe ni moja na tunaigawana wote: maabara, duka la dawa, uhasibu, na mimi ninayeandikisha wagonjwa chumba kinachofuata. Kati yangu na Mama Bado kuna ukuta mmoja na dirisha dogo la kupitishia karatasi, na akikohoa ninasikia.

Kwa hiyo nusu ya kazi yake, ambayo hakuna chuo kilichomfundisha, ni kukisia. Ndugu wa mgonjwa hana haja ya kujua faili lina uzito gani. Anataka kujua kama ana nafasi ya kwenda nyumbani kuoga. Kompyuta ina jibu lake, lakini jibu hilo halina msimamo. Inakuambia zimebaki dakika arobaini, unakunywa maji, unarudi, inakuambia saa sita, halafu dakika tatu, halafu inanyamaza. Mama Bado husema kompyuta ni kama fundi cherehani, inakutajia siku ili uondoke mlangoni.

Yeye ana namna yake. Analiacha faili liende bila kusema neno. Analitazama ofisi zinapofunguliwa. Analitazama tena wahasibu wanapotuma hesabu zao, na mara ya mwisho wauguzi wanapokwenda kula na kila mmoja kushika simu yake. Baada ya hapo ndipo anatoa jibu, na halitoi kwa saa. "Nenda kafue, zikikauka njoo." Au, "Una muda wa kuchemsha maharage ambayo hukuyaloweka." Kijana mmoja alimwambia hajui kupika wala kufua, akamjibu, "Basi ni mechi nzima, na dakika za nyongeza, na penalti." Kijana akaondoka ameridhika kabisa. Siku zote huongeza kidogo juu ya kile anachokiamini, kwa sababu, anasema, aliyeambiwa muda mrefu akakuta mapema anakushukuru, na aliyeambiwa mfupi akasubirishwa anakuona mwongo hata kesho.

Mumewe ndiye aliyemfundisha jambo moja ambalo linamsaidia kuliko mengine. Maji hayapotei ndani ya bomba, alimwambia. Yakipungua kwako, ujue kuna mtu kafungua kwake. Ndiyo maana Mama Bado akiwa na faili zito huning'iniza kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango wake, na wafanyakazi wote huondoa simu zao kwenye mtandao wa hospitali mpaka kitambaa kitoke, ingawa saa ya kula hakosekani anayejisahau. Hakuna mkubwa aliyetoa amri hiyo. Lilianza kama ombi, likageuka heshima. Mhasibu wetu hakosi mpira, lakini nimemwona akizima simu mechi ikiwa katikati, akasema, "Nyekundu hiyo, nimetolewa," akarudi kwenye vitabu vyake.

Kasuku aliletwa akiwa na umri wa miaka minne. Jina hilo alipewa na bibi yake, mama mzaa baba, kwa sababu mtoto alikuwa haachi kusema. Akiamka anasema, akila anasema, akigombezwa anyamaze anauliza anyamaze mpaka lini. Alikuja na huyo bibi, na mama yake, na shangazi yake, na mjomba wake mwenye gari. Baba alikuwa nchi ya mbali kwenye kazi ya mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa haujafika hata nusu.

Mtoto alikuwa na kifafa. Mahali walikotoka walimpa dawa, wakaiongeza, wakaiongeza tena, mpaka kuanguka kukaisha. Ila na mtoto naye akaisha. Alilala macho nusu wazi, ukimwita anakuelekezea uso lakini huoni kama amekuona. Kasuku hakuwa amesema neno kwa siku kadhaa.

Daktari wetu aliwaeleza mbele ya meza yangu. Ni mtu mpole, asiyeficha asilolijua. Alisema kuna mambo mawili. Ama ubongo bado unashikwa na kifafa ndani kwa ndani, bila mwili kutikisika, na hapo dawa inaongezwa. Ama dawa ndiyo imemzidi mtoto, na hapo inapunguzwa. Kwa macho tu hakuna awezaye kutofautisha.

Bibi akauliza, "Na mkikosea?"

"Tukikosea, mama, tunamsukuma kulekule anakokwenda."

Basi Mama Bado akambandika nyaya jioni hiyo, akaacha mashine irekodi usiku kucha. Mama wa mtoto alikaa kitini kando ya kitanda. Alipewa kitufe chenye waya, akaambiwa kazi yake ni moja tu: akiona badiliko lolote, abonyeze, alama itaingia kwenye kipimo. Asubuhi Mama Bado alipofungua kompyuta hakukuta alama hata moja. Akaning'iniza kitambaa, akaanza kulipandisha faili.

Daktari alipompigia bingwa, akaambiwa kwamba atakuwa ofisini mpaka saa kumi alasiri. Baada ya hapo anakwenda uwanja wa ndege, na hatarudi kwa muda wa wiki nzima. Mwenzake wa kumshikia nafasi alikuwa likizo ya uzazi.

Mjomba alikuwa ameshatandika godoro nyuma ya gari. Alisema kama ni kumpeleka mtoto kwenye hospitali kubwa, waondoke sasa hivi, maana barabara ya milimani si ya kupita gizani na mgonjwa. Daktari hakupenda mtoto asafirishwe katika hali ile. Lakini kama jibu haliwezi kupatikana leo, alisema, atawaandikia rufaa na muuguzi wa kuwasindikiza. Kwa hiyo kukaa au kwenda kukaegemea kwenye jambo moja: faili litafika lini.

Bibi alikuja mwenyewe mlangoni kwa Mama Bado. Gari lilisikika likinguruma langoni.

"Mwanangu, niambie tu. Tukae au twende?"

Mama Bado akamwomba asubiri kidogo, angalau mpaka wahasibu watume hesabu zao.

"Mimi hao wahasibu siwajui," alisema bibi. "Ninamjua mjukuu wangu."

Faili lilikuwa linakwenda vizuri kuliko siku nyingi. Mstari wa kijani kwenye kompyuta ulikuwa unasogea ukiuona kwa macho. Mama Bado aliutazama, akamtazama bibi aliyekuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akafanya kitu ambacho hakifanyi. Alijibu mapema.

"Kaeni, mama. Bingwa atakuwa nalo kabla hajala cha mchana."

Mjomba akazima gari, akalitoa godoro, akaliburuta mpaka kwenye korido akiwa amenuna. Alimwambia shangazi kwamba laiti uamuzi ungekuwa wa upande wa dada yake, saa hizi wangekuwa njiani.

"Wewe endesha gari lako," shangazi akamjibu. "Ukoo una wenyewe wa kuuendesha."

Wahasibu walituma hesabu zao na mtandao haukutikisika sana. Lakini muda mfupi baadaye mstari wa kijani ulianza kusogea kwa kusitasita, kisha ukawa kama umepigwa misumari. Mpaka wauguzi wanakwenda kula, faili lilikuwa halijafika nusu ya safari yake. Watu wawili walikuwa wameshachungulia kuuliza, na Mama Bado alijibu kama kawaida yake, lakini mara hii aligeuka kuwatazama.

Akaja mlangoni kwangu, jambo la nadra, akaniomba nimwoneshe simu yangu. Nikamwonesha. Ilikuwa imeondolewa kwenye mtandao. Akaenda maabara, akaenda duka la dawa, kote wamezima. Mhasibu aliapa kwamba tangu atume hesabu hata barua za ofisi hajafungua. "Ukinikuta mtandaoni," alisema, "nibandike nyaya mimi, maana nitakuwa nimeugua."

Akapita na kwenye benchi za korido, akiwauliza waliokaa mmoja mmoja. Wa kwanza kujibu alikuwa shangazi, aliyetoka chumba cha mtoto akiwa ameinua simu yake juu kama mtu anayeonesha tiketi.

"Dada, sisi tunatumia bando letu. Nimelinunua mwenyewe asubuhi, la siku nzima."

Alikuwa anasema kweli kwa kadiri ya alivyojua. Mama Bado akamshukuru, akarudi kukaa.

Alipokaa ndipo sote wawili tulipoisikia, yeye kwake na mimi kwangu, sauti ya mwanamume ikiimba. Ilitoka chumba cha mtoto, ng'ambo ya korido. Ulikuwa wimbo wa kuogeshea mtoto, wa maneno machache yanayozunguka. Kila neno lilisikika safi, mpaka pumzi anayovuta kati ya mstari na mstari. Na hilo ndilo lililomfanya Mama Bado anyanyuke. Jengo letu ni la zamani, kuta zake nene. Hakuna bando linalopenya humu vizuri. Ukipiga simu ya video ndani unamwona mtu ameganda mdomo wazi, na sauti yake inakuja vipandevipande, ndiyo maana sote tukitaka kuongea tunatoka mpaka langoni. Sauti ile ilikuwa imepita njia nyingine.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Shangazi alikuwa ameinama juu ya kitanda, simu ameielekeza usoni kwa mtoto. Kwenye kioo kulikuwa na ukoo mzima, kila mmoja kwenye kidirisha chake: wajomba, mashangazi, mabinamu, mmoja jikoni na mwiko mkononi. Katikati yao alikuwa baba, amevaa kofia ngumu ya kazini, anaimba. Walikuwa hivyo tangu asubuhi, muda mfupi tu baada ya hesabu za wahasibu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukata, kwa sababu bibi aliona kama kidole cha mtoto kimecheza baba yake alipoanza kuimba.

Mama Bado akaomba aione simu. Juu kabisa, kwenye kona, kulikuwa na ile alama ndogo ya upepeo inayoonesha kwamba simu imeshika mtandao wa jengo. Zamani kidogo shangazi aliwahi kulazwa kwetu kwa ajili ya mguu, na muuguzi mmoja mwenye huruma alimwingizia neno la siri. Mtu alishasahau. Simu haikusahau. Ilipoingia getini ilijiunga yenyewe, na bando la shangazi lilikuwa halijaguswa.

Mama Bado aliongea kwa sauti ya chini. "Shangazi, simu yako na faili la mtoto vinakunywa kwenye bomba moja."

Shangazi hakuelewa mara moja. Alipoelewa alikaa chini, pale pale alipokuwa.

Wimbo ukakoma. Baba akauliza kuna nini, mbona wamenyamaza, mtoto ana nini. Watu wote chumbani wakatazamana. Mama Bado ndiye aliyeishika simu.

"Baba Kasuku, mimi ndiye ninayetuma kipimo cha mwanao. Njia ya kupita ni moja tu. Wewe ukimtazama, kipimo hakifiki."

Kulikuwa na kelele za mashine nyuma yake, kisha akasogea pembeni zikapungua.

"Nimekuwa naye tangu asubuhi," alisema.

"Najua."

"Basi kata. Ila kata wewe. Mimi sitaweza."

Mama Bado akakata.

Mstari wa kijani ukaamka saa ileile, kama mtu aliyeondolewa gunia mgongoni. Lakini muda ulikuwa umekwisha kuliwa. Alirudi kwenye kiti chake, nikamwona kupitia dirisha la karatasi akipiga hesabu, akaipiga tena kwa njia nyingine, akaipiga mara ya tatu na kuweka kalamu. Hata laini yote ikiwa yake peke yake, faili lingefika bingwa akiwa njiani kwenda kupanda ndege. Na mjomba naye asingeweza tena kuondoka, giza lingemkuta milimani.

Mtu mwingine angekaa kimya, akaomba Mungu afanye hesabu yake. Mama Bado alikwenda kwa daktari kwanza, kisha wakaja wote wawili chumbani kwa mtoto.

"Niliwaambia litafika kabla ya chakula cha mchana," alisema. "Halitafika hata kabla bingwa hajaondoka. Nilikisia mapema, na kosa hilo ni langu. Si la shangazi."

Mjomba alikuwa ameegemea ukuta. "Na gari lilikuwa limeshawashwa," alisema.

Daktari akampigia bingwa mbele yao. Bingwa akauliza kama wanaweza kumtumia kipande tu, kifupi, kitakachofika upesi. Ila kisiwe kipande chochote. Akiletewa mtoto amezubaa mwanzo mpaka mwisho, hataweza kusema amezubazwa na nini. Anataka mahali ambapo mtoto alirudi, hata kidogo, kisha akapotea tena, ili aweke mistari ya wakati ule kando ya mistari ya wakati huu.

Daktari akamgeukia Mama Bado. Mama Bado akatikisa kichwa. Kipimo hakikuwa na alama hata moja. Kuitazama video ya usiku mzima kutafuta dakika chache, hata ukiikimbiza, kungemaliza muda uliobaki.

Hapo mama wa mtoto akasema. Tangu asubuhi nilikuwa sijaisikia sauti yake.

"Aliamka."

Wote wakamgeukia. Bibi akashusha macho, shangazi akatazama dirishani, na hapo ikawa dhahiri kwamba kwao halikuwa jambo jipya.

"Aliamka asubuhi," alisema mama. "Akaniita. Akaomba maji, nikampa, akanywa. Akaniuliza baba yuko wapi. Halafu akaenda tena."

Daktari akamuuliza taratibu kwa nini hakubonyeza kitufe.

"Nilikuwa nimemshika kwa mikono yote miwili."

Akaanza kulia. Alikuwa amepewa kazi moja tu, alisema, na hiyo moja hakuifanya, akaona haya kusema kwa watu wa hospitali. Alimwambia wifi yake peke yake. Na shangazi, kusikia mtoto amemuulizia baba, ndipo alipotoka mbio kununua bando na kuuita ukoo wote kwenye simu. Ikawa habari hiyo inajulikana mpaka kwa yule binamu mwenye mwiko. Aliyekuwa hajui ni Mama Bado na daktari.

Mama Bado hakumuuliza ilikuwa saa ngapi. Mtu aliyekesha hajui saa. Alivuta kiti, akakaa karibu naye kiasi cha magoti kugusana.

"Chumbani kulikuwa na nini wakati ule? Nani alikuwa anafanya nini?"

"Yule dada wa usafi alikuwa anapiga deki. Alifika chini ya kitanda, akaniambia niinue miguu. Nimeiinua, sijaishusha, nikasikia naitwa."

Walikwenda kwenye kompyuta wote watatu, na sisi wengine tukabanana mlangoni. Mama Bado aliisukuma video mpaka mwanga wa asubuhi ulipoingia dirishani, akapita kidogo, akarudi, mpaka likaonekana fagio la deki likiingia upande wa kushoto. Akaiachia iende. Dada wa usafi akasogeza ndoo. Mama wa mtoto akainua miguu. Kisha kichwa chenye nyaya kikageuka kwenye mto, na midomo ikacheza. Humo kwenye video mama yake aliangusha kitufe bila kukitazama, kikabaki kinaning'inia kwa waya wake, kikipiga ukuta. Mtoto alikunywa. Akasema kitu kirefu kidogo. Halafu uso ukalegea polepole, kama taa inayopunguzwa, mama akabaki amemkumbatia, miguu bado iko juu.

Bibi alikuwa ameniegemea begani bila kujua ni bega la nani.

Mama Bado akakata kipande kuanzia kabla ya deki mpaka baada ya uso kulegea. Kilichobaki ni kulisimamisha faili kubwa. Ukilisimamisha, yote yaliyokwisha kwenda yanapotea, siku nyingine unaanza upya. Nadhani katika miaka yake yote hakuwahi kulisimamisha faili kwa mkono wake mwenyewe. Alimtazama daktari, daktari akasema, "Simamisha." Akasimamisha, akakipeleka kile kipande.

Bibi hakumuuliza kitachukua muda gani, na Mama Bado hakukisia.

Tulikuwa bado tumesimama pale simu ya daktari ilipolia. Bingwa alikuwa amekisoma akiwa na begi lake begani. Alisema mtoto alipoamka, mistari iliamka naye, ikatulia na kupendeza. Alipopotea, ilizama taratibu, mipana na mizito, kama ya mtu anayelemewa na usingizi. Kwenye kipande alichokiona hakukuwa na kifafa. Dawa ndiyo imemzidi. Ipunguzwe kwa hatua, si kwa pupa, na akamweleza daktari kiasi cha kila hatua, na dalili za kuangalia endapo kuanguka kutarudi. Akataka faili zima alikute akirejea, asije akawa amesema mengi kwa kuona kidogo.

Bibi alikuwa akimtazama daktari mdomoni muda wote simu ikiwa sikioni. Alipoelezwa, aliuliza sasa ataamka lini. Daktari akasema dawa iliyomo mwilini lazima itoke kwa mwendo wake, haiharakishwi. Bibi akaitikia. Akavua viatu, akapanda kitandani miguuni kwa mjukuu wake.

Shangazi alitoka na simu yake mpaka langoni kumwambia kaka yake. Nilimwona kwa mbali akiongea kwa mikono, akikaa, akisimama. Mjomba aliondoka alfajiri iliyofuata bila kumuaga Mama Bado. Ila godoro aliliacha, dada yake alilalie.

Faili kubwa lilipandishwa upya siku hiyo likafika. Bingwa aliporudi alilisoma lote, na hakubadilisha aliyoyasema. Siku hizi Mama Bado hulianza faili kwa kuwakusanyia ndugu simu zao na kutazama kona ya juu ya kila moja, hata ya mzee anayeapa kwamba yake ni ya kupiga na kupokea tu. Na kabla wauguzi hawajatoka kula huwezi kupata jibu kwake, hata ukija na injini ya gari lako mkononi. Wanaosubiri humnung'unikia, anawaacha wanung'unike.

Kasuku alirudi kidogokidogo. Kwanza macho yakaanza kumfuata mtu akipita. Kisha akakataa uji, na mama yake akafurahi kukataliwa. Siku alipokaa mwenyewe kitandani, Mama Bado alivuka korido na beseni la maji ya uvuguvugu, kitana na taulo begani, kwa sababu nywele za mtoto zilikuwa bado zimejaa ile gundi, imekauka imekuwa kama chokaa. Kwa kawaida hilo huachiwa wauguzi.

Alimlaza kichwa kwenye mkono wake, akaanza kulowesha. Mtoto akasema maji yanaingia sikioni. Akasema kitana kinavuta. Akauliza gundi imewekwa na nani, na huyo mtu alimwomba nani ruhusa. Akasema bibi anakoroma. Akasema ana njaa, lakini si ya uji. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na nguo za kufua mkononi, haingii, hatoki.

Mama Bado aliitikia kila neno. Alizisugua nywele zile taratibu, fungu kwa fungu, na maji yalipopoa akaenda kuchota mengine.